Mama Brashi na mashimo ya njia ya juu

Jua limeshakausha umande kwenye ngazi za ofisi ya hifadhi, na Mama Brashi amepiga magoti mbele ya kiatu cha mtu asiyemjua. Mkono mmoja umeshika kisigino, wa pili unasugua soli kwa brashi ya kufulia iliyolika upande mmoja. Kando yake pana beseni la maji ya sabuni ambayo yamekwisha kugeuka rangi ya chai.

"Lete mguu wa pili, baba. Usiogope, sikati kucha."

Mgeni, mwanamume mnene mwenye kofia mpya, anacheka na kujishika kwenye nguzo. Nyuma yake wapo wengine wanne, kila mmoja akitazama soli zake kwa aibu kidogo, kama mtoto anayesubiri kukaguliwa masikio.

"Tunapanda mlima au tunaingia chumba cha upasuaji?" anauliza mmoja wao.

"Vyote viwili," anajibu Mama Brashi. "Mbegu ya gugu la bondeni haina miguu. Inasubiri ya kwako. Ikishafika juu, hairudi tena."

Akimaliza viatu, anahamia kwenye mifuko. Anafungua zipu, anapapasa pembeni, anaomba radhi, anafunga. Lakini kabla ya kugusa mfuko wa mgeni yeyote, amekwisha kuumwaga wake mwenyewe juu ya benchi, akaugeuza ndani nje na kuukung'uta mpaka mshono wa mwisho.

"Siku hizi naanza na wangu," anasema. Mbele ya wageni hataki kusema zaidi.

Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba. Kwa zaidi ya miaka kumi, kila msimu wa joto, amekuwa akiwapandisha wageni mlimani asubuhi na kuwarudisha jioni, magoti yakiwatetemeka na nyuso zimewaiva kwa jua. Msimu ukiisha anarudi kufua mashuka katika nyumba ya kulala wageni, ambako maji ya baridi humpasua vidole.

"Miezi ya joto ndiyo inayolisha miezi ya baridi," anasema. Mumewe ni fundi wa mapaa, na hakuna anayepanda paa lenye theluji.

Wageni hufuata mambo mawili: maua na barafu. Njia inaanzia kwenye msitu wa misonobari, ambako hata mchana kuna harufu ya kabati lililofungwa. Kisha miti inapungua kimo, inakuwa ya kiunoni, ya magotini, halafu inakoma. Hapo mteremko unafunguka, na maua yapo kila upande: ya buluu iliyoiva kama wino, ya njano kama kiini cha yai, na meupe yenye majani laini kama sikio la paka mchanga. Yanaishi wiki chache tu, kwa hiyo yanachanua kwa pupa.

Juu ya maua, kati ya majabali mawili, inaning'inia barafu kongwe ambayo wenyeji wanaiita Ulimi. Ni pana, ya kijivu pembezoni na ya samawati kwenye nyufa. Kuiona yote ni lazima kupita njia ya juu. Ukipita njia ya chini, ile ya ziwani, utaona bega tu la mlima na kurudi nyumbani ukidhani umetapeliwa.

Na njia hiyo ya juu, msimu huu, ilikuwa karibu kufungwa.

*

Shimo la kwanza lilionekana kando ya mwamba ambapo wageni hupumzika baada ya kutoka msituni. Lilikuwa la ukubwa wa ngumi, na kingo zake zilikuwa safi, kana kwamba limekatwa kwa kijiko. Mama Brashi alidhani ni mnyama. Baada ya siku chache yakaongezeka mengine, kwenye kila pumziko, na hakuna mnyama anayechagua pale tu watu wanapokaa.

Ilijulikana kwamba wako watu mjini wanaopenda kupamba madirisha yao kwa maua ya mlimani. Hufa kabla ya mwezi kwisha, lakini wanunuzi hawajali, hununua mengine.

Mkuu wa hifadhi alimwita ofisini. Ni mtu wa sauti ya chini, asiyegonga meza, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi Mama Brashi.

"Mama, mashimo yako pale mnapokaa nyinyi," alimwambia. "Sisemi ni wewe. Lakini lazima utakuwa unamjua."

"Simjui, mkuu."

"Basi mtafute. Ijumaa jioni ukishuka, niletee jina. Usipokuwa nalo, Jumamosi naweka mnyororo kwenye njia ya juu, na sitautoa msimu huu wala ujao."

Alipotoka pale, Mama Brashi anasema, hakuwa na macho tena ya kutazama maua. Alitazama mikono ya watu.

Alimshuku bibi mmoja aliyekuwa na mkasi mdogo wa kudarizi. Alimshuku kijana aliyepiga picha akiwa amelala kifudifudi. Siku moja alimsimamisha mwanamume mwenye kijiko kirefu mfukoni, akamtaka aeleze mbele ya wenzake. Mtu yule, kwa upole, akatoa kopo la mtindi na kuanza kula.

"Nilimwaibisha mtu na mtindi wake," anasema sasa, akijifunika uso kwa kiganja. "Na alipomaliza akaniuliza kama nimekula. Akanipa tufaha."

Wageni wa kushukiwa walipokwisha, macho yake yakarudi nyuma.

Kila kundi linalopanda huwa na waongozaji wawili. Wa mbele anaonyesha njia. Wa nyuma wanamwita mfunga mlango, kwa kuwa nyuma yake hapaswi kubaki mtu, fimbo wala kofia. Yeye huona kila kitu kinachofanywa na kundi. Anachofanya yeye, hakuna anayekiona.

Mfunga mlango wa Mama Brashi alikuwa wifi yake.

*

Huyu ni mdogo wa mumewe, mwanamke mrefu, mcheshi, ambaye akicheka hujipiga paja. Kwa miaka mingi aliuza maua mjini, kwenye ndoo, mbele ya lango la hospitali. Mahali pale palipovunjwa, akarudi nyumbani na begi moja. Mama Brashi ndiye aliyemwombea beji ya kuongoza wageni, akamfundisha kupumua mlimani na kusoma mawingu.

Wanakaa nyumba moja, nyuma ya duka la mikate. Ni vyumba viwili na jiko, na ukuta wa jiko ndio ukuta wa tanuri la jirani, kwa hiyo ukiegemeza mgongo pale alfajiri unakuwa kama umekumbatiwa. Chumba kimoja ni cha Mama Brashi na mumewe. Cha pili analala mama mkwe na binti yake huyo, kitanda kwa kitanda.

"Ningelijua wapi?" anauliza Mama Brashi. "Kila nilichokiona kilikuwa kinasema ni yeye."

Alimwona wifi yake na udongo kwenye kucha. Aliona ncha za vidole vyake zimeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Aliona mfuko wake ukipanda mlimani umelala bapa na kushuka umetuna.

"Una nini humo, wifi?" alimuuliza siku moja wakishuka.

"Nguo za jasho. Unataka kunusa?"

"Nguo gani zinazoongezeka ukizivua?"

"Ndiyo maana hukuolewa na tajiri, wifi yangu. Unahesabu mpaka chupi za watu!" Akajipiga paja, na wageni wote wakacheka.

Mama Brashi naye alicheka. Lakini jioni ile, akiwa jikoni anamenya viazi, alimwona kupitia dirishani akiingia mlango wa nyuma wa duka la mikate na ule mfuko. Alitoka nao mtupu. Na gari la mikate, kama kila mtu anavyojua, huenda mjini kila asubuhi.

Hapo, anasema, moyo wake ulishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako. Muuza maua, gari la mjini, mfuko uliotuna. Alibaki anamenya kiazi mpaka kikawa kama gololi.

Hakumwambia mumewe, kwa sababu ni dada yake. Hakumwambia mama mkwe, kwa sababu ni mwanawe. Alimwangalia tu wifi yake, mezani na njiani, na kila wema wake ukawa unamuuma. Wifi alimkanda mama yake miguu kila jioni kabla ya kugusa chakula. Wifi aliamka mapema kuliko wote akachemsha maji ya watu wote. "Nikawa najiuliza, mwizi gani huyu?" anasema. "Halafu najijibu: mwizi hodari ndivyo alivyo."

*

Ijumaa ile walikuwa na wageni watano: mwalimu mstaafu na mumewe, na wanawake watatu wa ofisi moja waliokuwa wakiimba tangu getini. Mama Brashi alisugua soli zote. Aliposugua za wifi yake alikawia, akizitazama kama mtu anayesoma.

"Umeona nini, wifi? Bahati yangu?"

"Naiona."

"Ina mume?"

"Ina matope."

Mgongoni Mama Brashi alibeba mzigo wake wa kila siku, matakia yaliyofungwa kwa kamba. Hayo yalikuwa fahari yake. Mawe ya mlimani ni baridi hata jua likiwaka, na zamani wageni walikuwa wakipumzika huku wamesimama nusu, kama kuku wa mvua. Yeye ndiye aliyebuni matakia. Mama mkwe, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kufika hata sokoni, aliyashona kwa mkono kutokana na makoti ya zamani, akayashindilia nyasi kavu kutoka uwanda wa nyuma ya nyumba. Kila takia alilipa jina la mtu aliyempenda, na kila jioni alitaka kuambiwa nani amemkalia nani.

Walipotoka msituni, wakaketi pumziko la kwanza. Pale Mama Brashi akawaonyesha wageni maua ya njano yaliyojaa pembeni mwa mwamba.

"Miaka ya nyuma yalikuwa moja moja," aliwaambia. "Tazameni sasa, yamejipanga kama zulia. Mlima umetukubali."

Katikati ya zulia lile kulikuwa na mashimo mapya manne. Mwalimu mstaafu aliyaona.

"Na haya?"

"Hayo ni ya mtu," alisema Mama Brashi, kwa sauti ya kutosha kusikika nyuma. "Atajulikana leo."

Wifi alikuwa akimfunga mwalimu kitambaa kwenye goti. Hakuinua kichwa.

Kutoka pale mwalimu alianza kuchechemea, na wifi akampa fimbo yake mwenyewe, akachukua begi lake akalivaa kifuani, akatembea naye hatua kwa hatua. Wakabaki nyuma sana. Mama Brashi aligeuka kila kona. Anajichelewesha kwa makusudi, aliwaza. Anamtumia mama wa watu kama pazia.

Pumziko la pili walikaa tena, matakia yakatolewa, wakanywa maji. Wakati wa kuondoka wifi aliinama.

"Tangulieni. Kamba ya kiatu imenikatikia."

"Nikusubiri?" aliuliza Mama Brashi.

"Unisubiri nini, wifi, mimi mtoto? Mpeleke mwalimu akaione barafu yake."

Hatua chache mbele njia inakunja jabali, na hapo Ulimi unajitokeza wote kwa mara moja. Wale wanawake watatu walikata wimbo katikati ya neno. Barafu ilikuwa inang'aa mpaka inaumiza macho, na kutoka ndani yake ukasikika mpasuko, mzito na wa mbali, kama mlango unaofungwa katika nyumba kubwa. Mwalimu alitafuta mkono wa mumewe akaushika.

Mama Brashi hakuiona barafu siku ile. Aliwakalisha wageni juu ya matakia, mgongo kwenye jabali.

"Mkae hapa hapa," aliwaambia. "Hata mkiitwa na nzi, msimfuate."

Akarudi nyuma kwa miguu ya kunyata.

*

Wifi yake alikuwa amepiga magoti katikati ya maua ya njano. Mkononi alikuwa na kijiko kikubwa cha jikoni, kile ambacho nyumbani walikitafuta mpaka wakasahau. Alichimba, akashika shina chini kabisa, akavuta polepole mpaka mzizi wote ukatoka, mrefu kama karoti, akautia mfukoni. Akasogea. Akachimba tena.

"Kumbe na kijiko changu," alisema Mama Brashi.

Wifi alishtuka akakaa kitako.

"Nimekuombea beji," alisema Mama Brashi. "Nimekupa kitanda. Nimekufundisha njia hii. Na mkuu ananingoja jioni nimpe jina, nami nilikuwa namwomba Mungu lisiwe lako. Unamuuzia nani?"

"Namuuzia?"

"Mwoka mikate anapeleka kwa nani?"

Wifi alimtazama, kisha akaanza kucheka, lakini safari hii hakujipiga paja, na macho yalikuwa yamejaa maji. "Anapeleka motoni, wifi. Nampa achome kwenye tanuri. Ulidhani nani atanunua takataka hii?"

"Maua ya mlimani unayaita takataka? Wewe wa ndoo za langoni, unifundishe mimi maua ya mlima huu?"

"Hayo si ya mlima huu."

Alichuma ua moja la njano kutoka pale alipokuwa, akalivunja shina. Maziwa meupe yakatoka, yakamchuruzika kidoleni. Kisha akanyoosha mkono hadi kwenye ufa wa mwamba, akachuma ua jingine la njano, dogo zaidi, akalivunja nalo. Halikutoa kitu. Lilikuwa kavu ndani kama bua.

"La mlimani halina maziwa. Hili lina, na maziwa yake yanageuka meusi kwenye ngozi." Alionyesha vidole vyake. "Nimelitupa kila asubuhi mjini. Linaingia kwenye mashada bila kualikwa. Ni gugu la bondeni."

"Haliwezi kuwa la bondeni. Nasugua kila soli."

Wifi aliinuka, akamshika mkono, akamwonyesha chini.

Mama Brashi anasema hakuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Kutoka pale aliposimama aliona vizuri. Miche ya njano haikuwa imetawanyika ovyo kama vitu vya upepo. Ilikuwa imeota kwa duara, duara hapa, duara pale, mbele ya kila jiwe la kukalia, na kila duara lilikuwa na upana wa makalio ya mtu.

Ni mahali pa matakia.

"Yana nyasi za bondeni, za uwanda wa nyuma," alisema wifi kwa upole. "Na nyasi zilikatwa zikiwa na mbegu. Mtu akikaa, mshono unapumua."

Walikaa chini wote wawili, juu ya udongo mtupu. Ndipo wifi akasema alivyoona miche ya kwanza mwanzoni mwa msimu, akaing'oa akidhani itakwisha. Haikwisha. Mashimo hakuyafukia kwa sababu udongo wa kufukia angeutoa wapi, kama si kuchimba pengine?

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba wewe unayesugua dunia nzima miguu ndiye unayepandisha gugu mgongoni?" Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Na mama je? Nani angemwambia mama? Hana kingine cha kufanya katika siku yake ila matakia hayo."

"Ulikuwa tayari ufukuzwe?"

"Nilikuwa tayari nimalize kung'oa kwanza."

Nyani haoni kundule, anasema Mama Brashi, na katika kisa chake kundule lilikuwa limefungwa kwa kamba mgongoni mwake. Alichukua kijiko, akachimba mche uliokuwa karibu naye, vibaya, mzizi ukakatika. Wifi akamshika kiganja na kumwonyesha jinsi ya kushika.

Kutoka nyuma ya jabali sauti ya mwalimu ikasikika: "Jamani, nzi ametuita!"

*

Jioni ilipofika, kabla ya kwenda ofisini, Mama Brashi alipitia nyumbani. Anasema alimwogopa mama mkwe kuliko mkuu wa hifadhi.

Bibi alikuwa ameketi kando ya ukuta wa joto, anatunga uzi kwenye sindano, takia lililofumuka likiwa mapajani. Walimweleza, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimalizia. Mumewe Mama Brashi alisimama mlangoni na nyundo yake mkononi, hakuthubutu kuingia.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingiza vidole ndani ya takia, akatoa nyasi kiganjani, akazipuliza. Mbegu ndogo zenye manyoya zikaruka, moja ikatua kwenye nywele za binti yake.

"Kumbe yanazaa," alisema. "Nami nikadhani mambo ya uzazi yameshanipita."

Hakuna aliyecheka kwanza.

"Chekeni basi! Mnanitazama kama maiti." Alimgeukia bintiye. "Wewe umekuwa ukinikanda miguu huku unanificha. Na wewe mkwe wangu umekuwa ukila na mwenzio huku unamhesabia tonge. Mimi ni mzee, si yai. Nipeni mkasi."

Alifumua matakia yote mwenyewe, moja baada ya jingine, na kila alipofumua alitaja jina lake kwa kuliaga. Mwoka mikate aliitwa. Alizichukua nyasi zote kwenye gunia na kuzitia tanurini, na aliporudi alileta mkate wa moto, akauweka mezani.

Mkuu wa hifadhi alikuwa bado ofisini, mnyororo mpya uko juu ya meza. Mama Brashi aliingia na wifi yake ubavuni.

"Umeniletea jina?"

"Nimekuletea. Ni langu."

Alimweleza kila kitu, ikiwa ni pamoja na kwamba mashimo yalikuwa ya wifi na sababu yake. Mkuu akasema asubuhi atapanda nao, ayaone kwa macho yake.

Alipanda. Mama Brashi alimsugua soli kama wengine. Alitazama duara moja, la pili, la tatu, akavunja shina na kupaka maziwa kidoleni. Kule juu, mbele ya Ulimi, alikaa kwenye jiwe baridi na kusema uamuzi wake: mnyororo hauwekwi sasa. Hakuna kupumzikia penye maduara yale tena mpaka pasafike, na waongozaji wawili hawa ndio watakaopasafisha, kwa magoti yao, baada ya kazi. Ila mbegu zilizokwisha kulala udongoni hazitii amri ya mtu. Kiangazi kijacho theluji ikiyeyuka atapanda tena, na akikuta zulia la njano, njia itafungwa.

Kwa hiyo bado hawajapona.

Tangu siku ile, wageni wakishashuka, wanawake wawili hurudi juu mpaka pumziko la kwanza. Wanang'oa mpaka mwanga uwe haba. Mama mkwe anashona mifuko ya kubebea magugu, yenye mishono miwili, na ameanza matakia mapya ya kujaza masweta chakavu. Ameyapa majina ya watu walio hai, na moja ni la mkuu wa hifadhi. Anasema hilo ndilo atakalokalia yeye.

Mama Brashi anapoulizwa kuhusu mwakani, anatazama mikono yake kabla ya kujibu. Ncha za vidole zimeingia weusi. Amekwisha kupanga na wifi yake: theluji ikianza tu kuachia, kabla ya mgeni wa kwanza, watapanda wakae kwenye kibanda kilichoko juu kwa siku kadhaa, wakague kila jiwe. Na amemwambia kuwa safari hiyo akishuku neno, atamuuliza siku hiyo hiyo, hata kama ni la chupi.

"Watu wote wanapanda kule wakiomba wakute maua," anasema. "Mimi naomba nifike pale kwenye pumziko nikute mawe matupu. Nikiyakuta, nitakaa juu yake hivyo hivyo na baridi yake."